Mahali Pembamba

Kabla ya kuinamia darubini navua bangili,
nne za kioo, moja ya shaba, ya mama mkwe,
nazipanga juu ya daftari la zamu.
Wao wanasema ni umeme tuli.
Mimi nasema ni kelele:
jicho halipimi, mkono ukilia.

Gandhinagar, Mei. Nyuzi arobaini na nne.
Kipoza hewa cha chumba cha keekee kimekufa tangu Jumanne,
na Kanubhai amekipasua tumbo
akaenda zake kutafuta feni ya rupia mia tisa.
Keekee hazimngoji. Zinatoboa.

Chanda chema huvikwa pete.
Tundu huvikwa hata likiwa baya,
ila pete ndiyo itakayolisema.

Mchoro una hesabu ya darasa la nne:
duara la shaba, sufuri nukta sita;
toa tundu, sufuri nukta nne;
kinachobaki gawa kwa mbili.
Maikroni mia kila upande, haki bin haki.
Lakini huo ni urithi wa karatasi,
na karatasi haitoki jasho.
Ubao ni nyuzi za kioo na gundi,
ukipata joto hujinyoosha kama paka,
tundu likatua kando ya kitovu chake:
huku pete nene, imeshiba,
kule uzi.

Manglaben, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
alinigonga kidole kwa rula siku ya kwanza.
"Usinipe wastani.
Wastani ni uongo wenye adabu.
Tafuta palipo pembamba. Pima hapo. Andika hapo."

Bodi hizi ni za mashine
ya kuhesabu mapigo ya watoto njiti.
Mteja anataka hamsini, isipungue.
Naleta mstari mmoja ukingoni mwa tundu,
wa pili ukingoni mwa shaba.
Arobaini na saba.
Nafuta lenzi kwa upindo wa sari.
Arobaini na saba.

Bwana Vaghasiya amekuja na chai kwenye kisahani,
anaipuliza, anaangalia namba.
"Maikroni tatu, Jashoda!
Unywele wako mmoja ni sabini."
Nikamwambia nywele zangu hazipitishi umeme.

Nikampigia Hetvi, Pune, aliyechora.
"Kwenye skrini yangu inatosha," akasema.
"Kwenye skrini yako hakuna Mei."
Kimya. Nikasikia kipanya chake kinabofya, kinabofya.
"Nikilikuza duara, njia ya jirani inabanwa."
"Basi tia chozi."

Ndivyo tunavyoliita:
pale njia inapoingia kwenye pete
shaba inenepeshwe kidogo, umbo la tone,
ili keekee hata ikipotea
isiikate njia shingoni.
Akatia. Machozi elfu moja na mia nane na kitu,
kwa amri moja, huku akitafuna.

Zile za mwanzo, mia tatu na themanini,
nilizipiga mhuri mwekundu mmoja mmoja.
Bwana Vaghasiya hakunisemesha hadi Ijumaa,
na Ijumaa aliniuliza tu kama feni imefika.

Jioni navaa bangili zangu.
Ile ya shaba imelika upande mmoja,
pale inapogusa meza, mwaka wa kumi na tisa huu.
Naizungusha mkononi, naiona inavyoisha.
Sijawahi kuipima.