Weusi wa Dukani

Zote kumi na moja zaonyesha tone moja la asali
likidondoka, wala halifiki chini.
"Tazameni rangi," asema Eetu, kijana wa duka.
Sisi hatukuja kwa ajili ya asali.

Nje, Rovaniemi, ni saa tisa alasiri
na giza limeshaingia, likavua viatu, likakaa.
Raimo kashika kofia mkononi. Masikio mekundu.

"Hii ina taa mgongoni.
Mbele ya taa kuna vijidirisha milioni nane
vinavyofunguka na kufungwa."
Na pakitakiwa giza?
"Vinafungwa vyote."
Na taa?
Akakuna shingo. "Taa haizimi."
Basi mlango umerudishiwa tu, nikamwambia,
haujatiwa komeo.

Akabonyeza rimoti, asali ikawa usiku wenye nyota.
Kwenye ile ya kwanza anga lilikuwa maji ya kuoshea sufuria.
Ya pili ina taa ndogondogo, zimegawiwa mitaa,
na mtaa usio na nyota hukatiwa umeme;
lakini kila nyota ilivaa ukungu
kama mtu anayepumua kwenye baridi.
Ya tatu haina taa mgongoni.
Kila nukta hujiwasha, hujizima,
haimsubiri mtu.

Raimo akasogea.
Miaka thelathini na moja amesukuma theluji usiku
kwenye barabara ya Sodankylä.
Anaujua weusi mmojammoja:
wa msitu, wa lami iliyotoka kukwanguliwa,
wa kulungu, sekunde moja kabla hajawa kulungu.
"Ndio huu," akasema.
Kwa Raimo hiyo ni hotuba.

Yuro elfu moja mia tisa.
Bei nayo ilijiwasha yenyewe.

Ndipo Eetu, kwa ukweli au kwa ugeni wa kazi,
akashusha sauti: picha ikikaa mno mahali pamoja,
nembo ya kituo, ubao wa mabao ya hoki,
huacha kovu. Ukibadili chaneli
limo bado, hafifu, chini ya kila kitu.

Raimo hakujibu.
Miaka mitano tangu arudishe funguo za gari la theluji,
na akifumba macho huziona fito za kando ya barabara,
kila moja na utepe wake unaong'aa,
zinakuja, zinakuja, zinapita.
Aliniambia mara moja tu, ndani ya sauna,
mahali ambapo hatutazamani.

Mimi nilikuwa nawaza Juni.
Dirisha letu la sebuleni linatazama kaskazini;
saa sita usiku jua huingia, likajinyoosha kochini.
Weusi huu utafanyaje Juni?
"Utakuwa kioo," Eetu akakiri. "Mtajiona."
Nikajiona papo hapo, mimi na kikombe changu cha kahawa
katikati ya goli.
Ya taa mgongoni ingepigana na jua. Hii itasalimu amri.
Nusu mwaka hii, nusu mwaka ile:
nani atengeneze runinga ya watu kama sisi?

"Ukizizima zote," Raimo akauliza,
"ipi nyeusi zaidi?"
Eetu akacheka, kisha akaona si mzaha.
Akazima moja baada ya moja.
Wazee wawili wenye makoti, mara kumi na moja,
wakatutazama.
"Sawa tu," akasema Raimo, akavaa kofia.

Tulitoka na pazia.
Zito, la kijivu, mita tatu, yuro sitini na nne,
la kuzuia jua ambalo halijachomoza wiki nzima.
Karatasi ya bei ya ile ya tatu
aliikunja mara nne, akaisokomeza kwenye glavu.

Nyumbani alipanda kigoda, akalitundika.
Taa ya mtaani ikapotea.
Runinga yetu kuukuu ikachukua muda wake kuamka,
na usiku wake ule ule wa maji ya sufuria.
Akazima taa ya dari. Akakaa.
"Afadhali," akasema.

Chini ya pazia, upana wa kidole,
mwanga ulikuwa unavuja.
Nilinyamaza.