Kidole cha Shahada

Walinipa namba: shahidi wa pili.
Wa kwanza alikuwa daktari wa Maweni,
aliyesoma majeraha ya Skolastika moja moja
kama mtu anayesoma bei dukani.
Mimi nilikuja na kidole tu.

Polisi walikuwa wamepanga wanaume wanane ukutani.
Nikapita mbele yao kama ninayechagua viazi gulioni.
Nilipofika kwa wa tano, afande akakohoa.
Labda alikuwa na kifua.
Miaka kumi na minne nimekisikiliza kikohozi kile
usiku, mvua ikipiga bati,
na bado sijui.

Ni huyu?
Ni huyu.

Usiku wenyewe koroboi ilikuwa imeanguka.
Niliona mgongo. Niliona shati lililopauka,
na Uvinza hii, jamani,
nani hana shati lililopaushwa na chumvi?
Lakini mama alikuwa hagusi chakula,
na mtaa ulishalitamka jina
kabla sijafungua mdomo:
Obadia Ntakije, yule mpakia magunia,
yule aliyegombana na Skola kisimani,
yule asiyecheka na watu.
Mimi nilinyoosha tu.

Wahenga wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu kilivunja mtu.

Akapelekwa Bangwe, kisha Uyui, Tabora,
kwa treni ileile inayobeba chumvi yetu.
Mkewe akawa anauza mabati ya nyumba,
akianzia jikoni.
Nilikuwa nahesabu: la kumi na moja,
la kumi na mbili.
Tukipishana ananisalimia, "Mwakeye,"
naitikia bila kupepesa, maana nilikuwa na haki.
Haki ilinikaa vizuri. Niliivaa kanisani.

Halafu akaja kijana wa msaada wa sheria,
ndevu hazijamjaa, akiuliza habari za bahasha.
Akaipata stoo ya hospitali,
bahasha ya kaki chini ya vyandarua vilivyoliwa na panya.
Ndani, kucha kumi za mdogo wangu.
Daktari alizikata siku ile, akaandika tarehe.
Mahakamani hakuulizwa, naye hakusema.

Kumbe Skola alimparura mtu.
Kumbe alibaki na kipande chake,
kidogo kuliko punje ya chumvi,
akakitunza.

Kule kwa Mkemia wakazisoma.
Vinasaba, walisema. Mimi nikasikia nasaba,
nikadhani wanatafuta ukoo.
Karani akanieleza polepole, kama mtoto:
ngozi ile si ya Obadia.
Haikuwa yake hata siku moja.
Ya nani, basi?
Akafunga faili. Hayumo kwenye daftari lolote.

Tangu hapo kila mkono ninaopewa
naugeuza kidogo, natafuta kovu.

Na shahidi wa kwanza, kumbe, alikuwa Skola.
Hakuna aliyempa namba.

Tabora wakamfungulia:
karatasi moja, muhuri, nauli.
Nilisikia honi ya treni nikiwa nafua.
Sikwenda stesheni.
Siku ya tisa akaja mwenyewe, mezani kwangu, sokoni.
Amekonda, masikio yamekuwa makubwa.
"Chumvi shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
"Enzi zangu ilikuwa mia."

Nilikuwa na maneno. Nilishayafanyia mazoezi
mbele ya sufuria, mwezi mzima.
Hata moja halikuja.
Nikamjazia kopo mpaka likafurika,
nikazisukuma pesa zake kando.
Akazirudisha katikati ya meza.
Akaokota kibao changu, akasawazisha kopo,
kilichozidi kikamwagika kwenye gunia langu.

"Kipimo," akasema.

Akafunga chumvi yake, akageuka, akaenda.
Saa tano asubuhi, jua la wima,
nikauangalia mgongo wake mpaka kona ya mashine ya kusaga.
Sikuwahi kuuona kabla.