Dele la Shaba

Kwanza ilikuwa hasira.
Azzan alitupa sahani ya wali ukutani
kwa kuwa punje moja, alisema, inamkodolea macho.
Kisha akacheka matangani kwa ami Nabhan,
akacheka mpaka wanaume wakamtoa nje,
na mama akawaambia wanawake: ni huzuni,
kila mtu na namna yake ya kulia.

Hapo mikono ilikuwa bado yake.

Ulipoingia Mfungo Tatu ikaanza kupiga.
Akiinyoosha inapapatika toka mabegani
kama kuku aliyeona kisu.
Kahawa ikawa inafika mdomoni kikombe kitupu.
Maneno yakamtoka yakiburura miguu.
Bandarini Sohar, alikokuwa akihesabu makontena,
wakamwambia apumzike,
na sisi tunajua "pumzika" maana yake nini.

Jamaa wakasema jini, tena jini wa Bahla.
Tukaendesha gari saa tatu kwenda,
tukarudi na kombe la zafarani ndani ya chupa ya maji ya dukani.
Akalinywa. Nusu likamwagikia kanzu.

Hospitali, daktari wa akili yuko ghorofa ya pili.
Vidonge vyake vikazinyamazisha sauti,
mwili ukakauka kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Daktari wa mishipa ya fahamu yuko chini.
Akasema: mikono naiona, hasira si idara yangu.
Baina yao palikuwa na lifti tu,
na mimi ndani yake na mafaili mawili,
napanda, nashuka,
na ndugu mmoja.

Mpaka alipokuja Daktari Ghaniya,
msichana wa Rustaq, mtafiti, soli za viatu zimelika.
Akayafungua mafaili yote mawili juu ya meza moja.
Akazima taa, akammulika Azzan jicho kwa ubavuni.
"Njoo, dada, utazame."

Ukingoni mwa mboni, pete:
rangi ya mnanaa uliokauka, na dhahabu kidogo.

"Shaba," akasema. "Ini limeshindwa kuitoa.
Imejaa, imefurika, imepanda ubongoni,
imekaa panapopita mwendo wa mkono
na panapopita ghadhabu.
Ninyi mmeona maradhi mawili. Njia ni moja."

Nyuma ya mji wetu kuna milima
waliyoichimba shaba watu wa kale wasio na makaburi;
mavi yake meusi bado yamelala bondeni,
tulikuwa tukiyaokota utotoni, tukayarushia mbuzi.

Kisha akatandika karatasi. Mraba, mwanamume. Duara, mwanamke.
Ndoa, mstari mmoja; ndoa ya damu, miwili.
"Baba na mama?" "Watoto wa ami."
Mstari wa pili.
"Na bibi na babu?"
Mama akanijibu mimi, kwa Kiswahili,
lugha anayoishika akitaka neno lisitoke chumbani:
"Nao vilevile, mwanangu. Unguja tulikuwa wachache."

Na shangazi Rayya? nikauliza.
Aliyefungwa kamba chumba cha uani, Malindi,
akipapatika, akitukana,
wenyewe wakimpigia ngoma?
Kalamu ikasimama. Duara,
na ndani yake alama ya kuuliza.
Mama akaliziba kwa kiganja, kama anayefunika uso wa maiti,
akakiondoa taratibu.

Tukaambiwa maini marufuku, korosho marufuku.
Dele halina kosa, daktari alirudia mara tatu,
lakini mama alilizongazonga kwa kanga
akalisukuma chini ya kitanda,
dele la shaba alilovuka nalo bahari.

Jana Azzan alisema, polepole, kila herufi na jasho lake:
"Lete dele langu."
Miezi saba ya dawa. Mkono bado una mbawa.
Mimi nina kadi ya miadi mfukoni, Jumapili,
jicho la kulia, jicho la kushoto.

Akamimina.
Nusu kikombeni, nusu mkekani.
Hakuna aliyenyanyuka kufuta.
Ile nusu tukanywa.