Mtoto wa Jicho

Shangazi Nyendo aliteremka stendi saa tisa alasiri,
pamba nyeupe imebandikwa jicho la kushoto.
Wamemtoa mtoto wa jicho, na daktari kasema
asiiname, asipike, asitazame jua.
Kwa hiyo akaketi kitandani kwangu, Kizota,
nyuma ya mashine ya kusaga,
akatazama nilicho nacho,
yaani giza.

Miaka miwili natengeneza mchezo huu.
Mtoto mweusi, macho kama punje mbili za mtama,
anatoka kushoto kwenda kulia,
hana jina, hana fimbo, hana wa kumuuliza njia.
Anaruka. Anasukuma sanduku. Anashika kamba.
Akikosea, ardhi inammeza
bila kelele.

Upepo wake niliurekodi Agosti, mlimani Mlimwa,
simu nimeivisha soksi.
Na ngurumo ya lile dude linalomfuata,
ambalo halionekani hata mara moja,
ni mashine hii hii ya nje,
nimeipunguza mwendo mara nane.
Vijana wa chuo waliojaribu wiki jana
walisema ni simba, wengine treni.
Mmoja alisema ni baba yake, kisha akacheka peke yake.

"Hii si mashine ya Mhembano?" Shangazi akauliza.

Akacheza kwa kidole kimoja,
kama anayeonja pasi ikiwa imepata moto.
Mtoto akatumbukia shimoni.
"Pole," akamwambia.
Mwiba ukamchoma. "Pole, baba."
Kila alipofufuka alimsalimu upya.
Mara ya kumi na moja akanigeuzia jicho lililobaki:
"Mama yake huyu yuko wapi?"
Nikasema hilo ndilo fumbo lenyewe.
"Fumbo," akasema, "au umesahau kumchora?"

Akafika korongoni.

Hapo hajapita mtu.
Korongo ni pana, kamba hakuna, sanduku hakuna;
nyuma ya mtoto kuna mnara wa maji uliokauka,
nyuma ya mnara, mwezi.
Wote huruka, huruka, hutukana, hufunga.
Jibu nalijua mimi tu, na nilikwisha kuamua kulifuta:
dakika nne
usiguse kitu.

Shangazi akaruka mara mbili. Mara ya tatu
akaondoa kidole, akakiweka mapajani.
"Usiku huu anakimbilia wapi? Akae kwanza."
Akaomba maji. Akanywa nusu.
Akanisimulia mwaka ule mbegu zilivyolala kibuyuni
toka Novemba mpaka Januari imekatika,
majirani wamepanda mara mbili, wamepoteza mara mbili,
na babu amekalia kibuyu, hasemi na mtu.
"Ukipanda kwa hasira unalisha mchwa."

Nje Mhembano akazima mashine.
Kimya kikaingia kama mgeni asiyepiga hodi.
Betri, asilimia sita. Ulimi wangu
nimeubana kwa meno.

Na mwezi, ambao hakuna aliyewahi kuungoja,
ukaanza kushuka nyuma ya mnara.
Kivuli cha mnara kikajinyoosha,
kikampita mtoto miguuni,
kikalala juu ya korongo kama mkeka.

"Heee," Shangazi akasema. "Na hii njia nani kaileta?"
Akarudisha kidole. Mtoto akakanyaga kivuli.
Kikambeba.
Hatua moja. Ya pili. Shangazi ameziba mdomo kwa khanga.
Katikati ya korongo, macho mawili ya mtama,
chini yake hakuna kitu,

umeme wa betri ukakata.

Kioo kikawa cheusi. Ndani yake tukaonekana sisi,
mimi, na pale kando, kitu cheupe kimoja
mahali pa jicho lake.
"Amefika?"
Nikamwambia kweli: ng'ambo ya pili
bado sijaichora.

Akajilaza taratibu, ubavu wa kulia,
kama alivyoagizwa.
"Basi wewe usilale," akasema.