Makabidhiano ya Stoo

Fomu ina safu tatu: kifaa, idadi, hali.
Mkuu wa chuo anaitaka mezani kabla ya saa tisa,
basi tumekaa juu ya makreti, mimi na Mwalimu Luhende,
mlango wa stoo wazi upande wa ziwa,
wadudu wakiingia kama moshi usio na moto.

Magongo: kumi na manne.
"Andika kumi na moja," anasema. "Matatu ya Harbhajan,
aliniazima tu."
Bwana Harbhajan alifunga gereji yake Mtaa wa Rufiji
mwaka themanini na sita, akamfuata mwanawe ng'ambo,
akamwachia mwalimu kijana wa jiografia gunia la magongo
na neno moja: mchezo huu huchezwa kwa kuinama.
Miaka thelathini na minne, bado anahesabu deni.

Kwenye hali, kalamu inasita.
Hili lenye waya wa baiskeli lilivunjikia Tabora,
siku tuliyochapwa tisa bila na wanajeshi,
tukarudi daraja la tatu, miguu juu ya magunia ya watu,
naye, badala ya kufoka, akapita behewani
akimwuliza kila mmoja: "Bao lipi ulilipenda?"
Mimi nilikuwa golini. Nilifahamiana na yote tisa.
Nikasema la saba.
Alicheka hadi Malampaka.

Pedi za golikipa, jozi moja.
Godoro la bweni la wasichana, tulilikata usiku
na matroni akalitafuta muhula mzima.
Naandika: chakavu.

Uwanja haumo kwenye fomu.
Ni changarawe tu kati ya mawe mawili makubwa;
mpira ukigonga la kushoto ni kona,
ukigonga la kulia ni bahati yako.
Kila mwaka walimu watarajiwa walimjia na swali lilelile,
kwa nini magongo, kwa nini si kandanda kama vyuo vya watu,
naye akawagawia mafagio.
Fagieni kwanza, alisema, kutoka jiwe hadi jiwe,
na aliyefagia bila kuinua vumbi
alipewa gongo siku hiyohiyo.
Mimi nilivumisha vumbi hadi Butimba.
Ndiyo maana niliwekwa golini.

Kombe: naandika sifuri, kisha naikoleza wino.
"Nshoma anafundisha magongo Sengerema," anasema,
"kwa matawi ya mpera. Mwandike."
Mwalimu, Nshoma si kifaa.
"Mwandike pembeni."
Nimemwandika pembeni.

Limebaki sanduku la barafu, ambalo halina barafu.
Barafu ilitoka Igogo, kwenye kiwanda cha samaki,
kwa Maduhu, winga aliyekosa ada akaacha chuo
akaishia kuwa msimamizi wa zamu ya usiku.
Kila siku ya mechi alituma bonge kwenye mfuko wa salfeti.
Kifundo changu kiliwahi kunuka sangara wiki nzima;
mchumba wangu akauliza kama nimeanza biashara.

Leo hakuna mechi, na bonge limekuja.
Mazoea, anasema Mwalimu, akiangalia pembeni.
Anainama kuchukua gunia la Harbhajan,
amelishika, anataka kusimama,
na mgongo unakataa.
Hasemi kitu. Anabaki vile, mikono magotini,
kama anayesubiri filimbi.

Namkalisha. Navua kanga ya mabegani,
nafunga barafu kiunoni mwake, fundo mbili,
kama alivyonifunga mimi, kama alivyotufunga sote.
Saa tisa inapita.
Maji yenye harufu ya sangara yanatambaa sakafuni
yanaifikia fomu, yanaanza na safu ya idadi.
Hatuiokoti.

"Mwalimu," namwuliza, "bao lipi ulilipenda?"
Anafumba macho muda mrefu.
Kisha anataja moja la mwaka tisini na saba,
lililopigwa kutoka pembeni, chini, bila kuinua vumbi,
na ambalo hatukulifunga sisi.