Haba Isiyojaza Kibaba

Majani yalikuwa mengi. Hilo liandikwe kwanza.
Yalitufika magotini, mabichi, na umande wake hadi saa nne,
na humo ndani kondoo wa baba walikuwa wakifa kwa njaa.

Mwaka wa thelathini na mbili, shamba la Murdo Gillanders,
katikati ya Kisiwa cha Kaskazini, Nyuzilandi,
ambako mlima ulitapika kabla hapajawa na wa kukimbia
ukaacha udongo wa kijivu, mwepesi,
jiwe lake ukilitia ndooni linaelea.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu kuvuta kope.
Unambana mwanakondoo kwa magoti,
unafunua jicho, unatazama rangi ya ndani:
ikiwa nyekundu, mwachilie;
ikififia, mpake chaki mgongoni;
ikiwa nyeupe, usimpe jina.
Mimi nilikuwa nimekwisha kumwita Kitufe.

Majirani walisema Gillanders ni bahili,
anahesabu hata nyasi.
Baba alichoma magugu, akachimba mitaro, akasali kwa hasira.
Bi Hinewai wa ng'ambo ya kijito hakusema neno;
kila mwaka aliwavusha ng'ombe wake mto,
miezi miwili, kisha wakarudi wakiwa na manyoya yanayong'aa.
Baba aliona. Hakuuliza.
Kuuliza kungemgharimu zaidi ya kondoo.

Ndipo akaja Bwana Ormsby wa maabara, na kikohozi chake,
na magunia ya jiwe la kutu lililosagwa.
Damu inataka chuma, akasema, walisheni chuma.
Tukawalisha. Wakasimama!
Mama alioka keki yenye mayai sita.
Gunia la pili likatoka machimbo mengine,
chuma kilekile, wekundu uleule vidoleni,
na Kitufe akafa Alhamisi, mdomo umejaa majani.

Ormsby alirudi mjini na magunia yote mawili.
Miaka miwili akipasua, akichemsha, akipima,
akikitoa chuma chote hadi kikabaki kile kisichotakiwa,
na kisichotakiwa ndicho kilichoponya.
Kobalti.
Tulikuwa tumekishukuru chuma
kwa kazi iliyofanywa na uchafu wake.

Kiasi gani? baba aliuliza, kofia mkononi.
Ormsby akamwaga chumvi mezani,
akatenga punje mbili kwa ncha ya kisu:
Uzito huu. Kondoo mmoja, siku nzima.
Baba akainama kuzitazama, akapumua,
zikapeperuka.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakuijua haba hii.
Haijazi kitu. Ikusanye mwaka mzima,
hutapata ya kufunika ukucha.
Lakini tumboni mwa kondoo kuna vijidudu visivyohesabika,
mafundi wa gizani, wanaoingoja
kama fundi cherehani angojavyo sindano:
kitambaa kipo, uzi upo, taa imewashwa,
na hakuna kinachoshonwa.
Ikifika, majani yanageuka damu.
Isipofika, majani yanabaki majani,
na mnyama anakonda huku anatafuna.

Baba alinyunyiza ile mbolea kwa mkono, ekari baada ya ekari.
Majira yaliyofuata nilivuta kope mia mbili,
nyekundu, nyekundu, nyekundu,
hadi chaki ikasahauliwa mfukoni, ikafuliwa na suruali.
Kuhusu Kitufe hakuniambia kitu.
Ila siku moja nilimkuta zizini peke yake,
amepiga goti, anaonja udongo.

Sasa nina miaka themanini na sita.
Natembea chumba hadi chumba kama niliyesahau nilichofuata.
Nakula vizuri; sahani inarudi tupu.
Daktari, msichana mwenye mikono baridi,
anavuta kope langu la chini, anatazama ndani.
Rangi gani? namuuliza.
Anacheka, anadhani ni utani wa wazee.

Kisha anavuta dawa kwenye sindano.
Naiona inapanda kwenye kioo,
nyekundu kama jicho la kondoo aliyepona,
na ndani yake, najua, bila kuonekana,
ile punje iliyopeperushwa na pumzi ya baba.