Mkono Unaokoroga

Vijiko vinne. Miaka arobaini nimevihesabu
bila kuhesabu.
Asubuhi ya Namakwekwe, umande juu ya mabati,
mkono huenda wenyewe kwenye kopo
kama punda anayejua kwao.

Nesi Khainza alinichoma kidole,
akatazama namba, akanitazama mimi.
"Acha sukari," akasema,
kama mtu asemaye: funga dirisha.

Nikaacha. Siku nne.
Usiku wa tano niliilamba kiganjani, gizani,
bibi mzima wa wajukuu watatu,
na kwa kuwa nimeshakuwa mwizi
nikaona heri niibe vizuri.

Hakuna aliyeniuliza sukari ni nini.
Miaka ile ya magendo, Mbale hii hii,
mama alipanga foleni tangu jogoo la kwanza
hadi jua la utosini,
akarudi na nusu kilo, kaificha kwenye mshipi wa gomesi.
Akatukorogea sote sita, kijiko kimoja kimoja.
Yeye akanywa yake hivyo hivyo,
akasema hapendi utamu.
Nilimwamini
mpaka nilipozaa wangu.

Kumbe nilikuwa nikimnywa yeye.
Nani amfukuze mama mezani
kwa sababu ya namba?

Basi sikumfukuza. Kopo nilikweza juu ya kabati,
nyuma ya gunia la vipande vya kushonea,
mahali pa kupandia kigoda.
Goti langu likanishauri kuliko akili yangu.
Vijiko vitatu, mpaka ulimi ukasahau kulalamika.
Kisha viwili, na tangawizi.
Mvua za Aprili zilinikuta na kimoja.

Siku tuliyomzika Wamimbi, jirani yangu wa chapati,
nilikunywa vitano. Sikuvificha.
Kesho yake nikarudi kwenye kimoja,
bila kujitukana, bila kuapa,
kama fundi anayefumua mshono uliopinda
na kuuanza upya, uzi ule ule.

Sasa chai yangu haina kitu.
Lakini mkono bado unakoroga:
kijiko kinalia ndani ya kikombe cha bati,
mviringo, mviringo, sukari hakuna.

"Kukhu," mjukuu ananiuliza, "unakoroga nini?"

Nikanywa kwanza. Moto, tangawizi, majani ya mlimani,
ladha niliyopishana nayo miaka yote hiyo.
Nikamwambia sipendi utamu.

Na safari hii
ilikaribia kuwa kweli.